Ni au Si

Wasikilizaji walimwita Bi Mapema, na jina likamganda mpaka hata kazini wakalisahau lile alilopewa na wazazi wake. Ndiye aliyekuwa akisoma taarifa ya habari ya saa moja asubuhi, kila siku isipokuwa Jumapili, kwa sauti tulivu, nzito kidogo, sauti ya mtu ambaye ungedhani hajawahi kulikimbilia basi maishani mwake. Kumbe utulivu wote ulikuwa kooni tu. Kutoka kooni kushuka chini, Bi Mapema alikuwa mtu wa wasiwasi. Akifunga mlango wa nyumba yake alfajiri, anashuka ngazi, anasimama, anapanda tena kukijaribu kitasa. Akifika njiani anajiuliza kama jiko amelizima. Mumewe, dereva wa malori ya safari ndefu ambaye nyumbani alionekana kama mgeni, alizoea kumtania kwamba siku atakayokufa atafufuka kwanza kuangalia kama wamemfukia vizuri.

Walikuwa na mtoto mmoja wa kike, wa miaka sita, waliyembandika jina la Kishindo kwa sababu hajui kuingia chumbani bila kuangusha kitu. Kwa kuwa mama yake alitoka nyumbani gizani, Kishindo alilala kwa bibi yake siku zote za kazi, upande wa pili wa mji. Bibi huyo, mama yake Bi Mapema, alikuwa na redio ndogo juu ya kabati la vyombo, na hakuna jirani ambaye hakuwahi kuambiwa, "Huyo anayesoma habari ni wa tumbo langu." Bi Mapema alipokuwa akisoma, ni redio hiyo ndiyo aliyoiona akilini. Alisema na mama yake, na watu wengine wakasikia pia.

Siku tunayoisimulia, mji mzima ulikuwa katika furaha ya maji. Mabomba yalikuwa yamekauka kwa siku kadhaa, watu wamezunguka na madumu mpaka viganja vikaota sugu, na jana yake jioni, bila mtu kuambiwa neno, maji yakarudi. Yalianza kwa kutema hewa na kutu, kisha yakatoka meupe, kisha yakasafika. Watu wakajaza kila chenye mdomo: ndoo, sufuria, beseni la kuogea mtoto, mpaka vyombo vya maua.

Alfajiri umeme ukakatika na kurudi, na tangu hapo kituo cha redio hakikutulia. Fundi mitambo, kijana mrefu waliyemwita Waya, alibonyeza mlio wa kufungulia kipindi, badala yake likatoka tangazo la magodoro, lile la mwanamume anayekoroma. Mji ukaamshwa kwa mkoromo. Bi Mapema akalazimika kusema "Habari za asubuhi" juu ya mkoromo huohuo, huku msomaji wa michezo, aliyejulikana kwa jina la Dakika Tisini kwa sababu hajui kufupisha, akijifunika gazeti usoni asisikike akicheka.

Hawajakaa sawa, wakampigia mwandishi wao wa barabarani aeleze hali ya foleni. Bwana yule hakujua kwamba tayari yuko hewani. Alikuwa kwenye simu yake nyingine akisema na mkewe, na mji ukamsikia waziwazi: "Funguo nimeziacha palepale, juu ya dirisha la jikoni, nyuma ya kopo. Ndiyo, nyumba haina mtu mpaka jioni." Waya alimkata haraka, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Tangu hapo mtu wa barabarani hakukoma kupiga simu akiomba ruhusa arudi nyumbani akahamishe funguo zake, na Waya, simu begani, akawa anambembeleza kama anayembembeleza mtoto wa kuachishwa ziwa.

Ni katikati ya vurugu hizo mhariri alipoingia studio kwa kunyata. Alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na alimwogopa mkurugenzi kuliko alivyoogopa ugonjwa. Mkononi alikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu.

"Mamlaka ya maji wamepiga simu sasa hivi," alinong'ona wakati tangazo likiendelea. "Isome hii kabla ya habari za kimataifa. Neno kwa neno. Wamesisitiza tusiongeze hata nukta, hawataki watu wataharuki."

Bi Mapema alikuwa na kikohozi kilichomwanza tangu juzi. Alimeza mate, taa nyekundu ikawaka, akasoma. Lilikuwa tangazo fupi tu: Mamlaka inawatangazia wakazi wote kwamba maji ya bomba yaliyoanza kutoka jana jioni si salama kwa kunywa. Maelezo zaidi yatatolewa baadaye. Katikati koo lilimwasha, akabonyeza kile kitufe kidogo mezani kinachoziba kipaza sauti mtu akitaka kukohoa, akakiachia, akamaliza. Akasoma za kimataifa, akasoma hali ya hewa. Taa ikazimika, likaingia tangazo la sabuni.

Alinyoosha mkono kuchukua glasi, na mkono ukasimama hewani.

*Nimesema si, au nimesema ni?*

Aliitazama ile karatasi. Mwandiko wa mhariri ulikuwa kama nyayo za kuku, lakini neno lilikuwa pale: *si*. Alijaribu kuisikia sauti yake mwenyewe kichwani. Mara ikasema si. Mara ikasema ni, kwa utulivu uleule. Kila alivyozidi kuisikiliza ndivyo ilivyozidi kutii kile alichokiogopa.

"Dakika Tisini," aliita taratibu. "Nimelisomaje tangazo la maji?"

"Vizuri tu, dada."

"Nimesema ni salama au si salama?"

Dakika Tisini alikunja uso. Alikuwa akiandika majina ya wachezaji walioumia. "Ni... Hapana. Nadhani ulisema... Salama umesema. Hilo nina hakika nalo."

Aligonga kioo kilichotenganisha studio na chumba cha mitambo. Waya alitoa simu begani. Hakuwa amesikia kitu, kwani wakati ule mtu wa barabarani alikuwa akimlilia kuhusu dirisha la jikoni. Bi Mapema akamwomba arudishe rekodi nyuma. Waya akatikisa kichwa: kompyuta ya kurekodia matangazo ilikuwa imeganda tangu umeme uliporudi, na yeye alikuwa akisubiri kipindi kiishe ndipo aizime na kuiwasha upya.

Taa ikawaka tena. Ulikuwa wakati wa simu za wasikilizaji.

Wa kwanza alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya furaha. "Bi Mapema, tunashukuru sana kwa ile habari ya maji. Mmetutoa wasiwasi. Mungu awabariki."

"Mama, samahani," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake maarufu ilitetemeka kidogo. "Umelisikiaje tangazo letu la maji?"

"Nimelisikia vizuri kabisa! Huku kwetu mnafika safi, hamkwaruzi hata kidogo." Simu ikakatika.

Wa pili alikuwa mwanamume, naye aliingia kwa ukali. "Hivi hawa watu wa maji, kwa nini hawakusema tangu jana? Watu tumehangaika na maji haya usiku kucha ndiyo leo mnatwambia!"

Basi huyu alisikia *si*. Yule alisikia *ni*. Au yule wa kwanza alikuwa akishukuru tu kuambiwa ukweli? Na huyu wa pili je, hawezi kuwa analalamika kwamba angeambiwa mapema ni salama asingehangaika kuchemsha? Bi Mapema alifungua mdomo kusahihisha, lakini nyuma ya kioo mhariri alikuwa akipunga mikono yote miwili: endelea, endelea. Akamkabidhi Dakika Tisini kipindi cha michezo, akatoka nje mbio.

"Acha nirudie lile tangazo," alimwambia mhariri koridoni. "Sina hakika nimelisoma sawa."

"Umelisoma sawa."

"Ulinisikia?"

Mhariri aliivua miwani ya machoni, akakumbuka ile ya kichwani, akachanganyikiwa ashike ipi. "Nilikuwa kwenye simu na mkurugenzi. Alikuwa ananiuliza habari za mkoromo."

"Kwa hiyo hukusikia."

"Bi Mapema, nisikilize, mwanangu. Asubuhi hii tumeshachekwa mara mbili. Ukirudi hewani kusahihisha kitu ambacho hukukosea, mamlaka watasema tumewataharukisha watu, mkurugenzi atasema nini mimi sijui. Taarifa ya saa mbili iko karibu. Utalisoma tena pale, polepole, kwa utaratibu. Hakuna atakayekufa kati ya sasa na saa mbili."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomkata maini. Alitoa simu yake, akampigia mama yake. Iliita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Alijua saa hiyo Kishindo amevaa sare, amekaa kwenye kigoda, bibi anammiminia maji kwenye ile chupa yake ya shule yenye mdomo wa mpira. Alijua kwamba mabomba ya uani kwenye kila shule yatakuwa na foleni ya watoto wenye vinywa wazi. Na redio ile juu ya kabati imesema nini? Kama imesema ni salama, mama yake hatachemsha tone. Mama yake hajawahi kuitilia shaka sauti hiyo.

Alisimama pale koridoni, simu sikioni, akimtazama Dakika Tisini kwa kupitia kioo. Alikuwa bado kwenye mechi ya kwanza, kipindi cha kwanza, na mpira ulikuwa haujatoka hata nje.

Basi alipiga moyo konde. Aliufungua mlango wa studio taa ikiwa nyekundu, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukifanya katika kituo kile, akakivuta kipaza sauti kutoka mbele ya Dakika Tisini, ambaye alibaki na mdomo wazi katikati ya krosi.

"Ndugu wasikilizaji, mnisamehe kwa kukatiza michezo. Ni Bi Mapema hapa. Msinywe maji ya bomba. Narudia, msinywe. Mlio na watoto, mwageni maji ya kwenye chupa zao sasa hivi. Walimu, fungeni mabomba ya shule. Kama mlinisikia mwanzoni nikisema vingine, basi nimekosea mimi, si nyinyi. Msinywe."

Akatoka. Nyuma yake alimsikia Dakika Tisini akijikusanya: "Naam... basi, mpira ukiwa bado hewani..."

Mhariri alikuwa amejiegemeza ukutani, rangi imemtoka. Simu za ofisini zilianza kuita, moja, kisha zote. Hakuna aliyezipokea. Aliyefika kwanza alikuwa Waya, naye hakuja kugomba.

"Dada, wakati unasoma, ulikohoa?"

"Koo liliniwasha. Nilibonyeza kitufe, nikameza mate, nikaachia. Basi."

"Njoo uone."

Michezo ilipomalizika na wimbo ukaingia, Waya alimkalisha kitini, akamwambia abonyeze kile kitufe na kukiachia kama kawaida. Akabonyeza. Akaachia. Kitufe kilibaki chini, kimezama kama jino la mtoto linalotaka kung'oka, kikangoja kidogo, ndipo kikapanda juu taratibu. Kulikuwa na utando wa kitu kitamu kilichoganda pembeni, soda ya mtu.

"Sasa soma," Waya akasema, na kumvalisha kifaa cha masikioni kutoka chumba cha mitambo. Alisoma huku akibonyeza na kuachia. Ikatoka: *maji ya bomba yaliyoanza kutoka jana jioni,* kimya kidogo, *salama kwa kunywa.*

Mhariri alikuwa amewafuata, akasimama mlangoni.

"Kwa hiyo hukusema ni," Waya akasema.

"Wala hukusema si," mhariri akasema.

Neno lilikuwa limemezwa. Kila mtu mjini alijaza pengo kwa alilolitaka au alilolihofia. Bi Mapema alingoja ahueni imjie, na haikuja. Watu wangapi walikuwa wakitamani kusikia *ni*, baada ya siku zote zile za kubeba madumu?

Mhariri alimwambia aende nyumbani. Taarifa ya saa mbili angeisoma mwenyewe. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemtoa mwenzake kwenye mvua kabla haijamnyeshea yeye.

Alichukua pikipiki ya kukodi. Njiani watu walikuwa nje ya milango wakimwaga maji mitaroni, ndoo baada ya ndoo, na nyuso zao zilikuwa za watu wanaomwaga kitu cha thamani. Kwenye kona moja, mbele ya duka, wanaume wawili walikuwa wakibishana. "Kasema salama, nimemsikia kwa masikio yangu!" "Kasema si salama, wewe ulikuwa bado umelala!" Bi Mapema alivuta ushungi usoni, akamwomba dereva aongeze mwendo. Dereva akageuza shingo. "Dada, hiyo sauti yako naifahamu." Akamwonyesha njia kwa kidole.

Uani kwa mama yake kulikuwa kimya. Hapo ndipo alipoogopa kweli. Nyumba yenye Kishindo haiwi kimya.

Alimkuta mtoto amelala kwenye mkeka sebuleni, na sare yake, magoti yamekunjwa mpaka tumboni. Bibi alikuwa amekaa kando yake akimpepea kwa kifuniko cha sufuria. Juu ya kabati redio ilikuwa ikiimba. Muziki. Kituo kingine kabisa.

"Mama, amekunywa maji?"

"Shusha kwanza pumzi, mwanangu."

"Amekunywa?"

"Amekunywa vikombe viwili alipoamka. Ametapika mara moja. Jirani ndiye aliyekuja kugonga, akasema redioni wamekataza. Nilikuwa namvalisha viatu nikuletee hukohuko, ndipo akasema tumbo linamkata."

Bi Mapema alipiga magoti, akamshika mtoto paji la uso. Lilikuwa na joto, si sana. Kishindo akafungua jicho moja. "Mama, leo umerudi mapema," akasema, na kulifumba.

"Jirani ndiye aliyekuja kukwambia," Bi Mapema alirudia taratibu. Aligeuka kuitazama redio. "Mama, wewe hukunisikia?"

Mama yake alitua kile kifuniko.

"Sijawahi kukusikia," alisema. "Tangu wiki ya kwanza ulipoanza kazi ile. Nilikusikiliza siku moja, ukajikwaa kwenye jina la mtu, kidogo tu, na mimi huku jasho likanitoka mpaka kanga ikalowa. Moyo wangu hauwezi. Nakaa nangoja ukosee. Basi ikifika saa moja nahamisha kituo, na ikipita nairudisha, mtu akija aikute palepale."

"Na majirani unawaambia..."

"Nawaambia kweli. Si ni wewe unayesoma? Wao wananisimulia ulivyosema, na mimi naitikia."

Kama si hofu, pengine angecheka, au angelia. Miaka yote ile alikuwa akisema na kabati la vyombo. Lakini mtoto aligeuka, akajikunja tena, akaanza kutapika, na mama na bibi wakainuka kwa pamoja. Huyu akashika beseni, yule akashika kichwa.

Zahanati ilikuwa imejaa mpaka barazani. Watu walikaa kwenye mabenchi na chini, wengine wameegemeza vichwa ukutani, wengine wanakwenda chooni na kurudi wakijishika. Muuguzi alipita akiandika majina na kugawa vikombe vya maji ya chumvi na sukari, yaliyochemshwa, akasisitiza, yaliyochemshwa hapahapa. Alisema wamekuwa wakipokea watu tangu usiku. Bi Mapema alishikilia neno hilo, tangu usiku, kwa kuwa usiku yeye alikuwa hajasoma chochote. Kisha akaona aibu kwa kulishikilia.

Alimpakata Kishindo, akamnywesha kijiko kwa kijiko, akimwambia, "Kimoja tena. Haya, kingine." Kando yake alikaa mwanamke wa makamo, mumewe amemlalia mapajani. Mwanamke yule alimsikiliza kwa muda, kisha akageuka.

"Wewe ndiye Bi Mapema."

Angeweza kukana. Mama yake, upande wa pili, alimfinya mkono kumwashiria akane.

"Ndiye mimi."

"Nilikusikia leo."

Bi Mapema alirudisha kijiko kikombeni. "Ulisikia nini, dada?"

"Nilisikia ni salama." Mwanamke yule alisema bila kupandisha sauti. "Huyu ana dawa zake za asubuhi. Jana usiku nilimwambia tusiyanywe kwanza, maji mageni haya, tungoje. Uliposoma nikaona, haya, sasa nimmiminie. Baadaye ukarudi. Lakini alikuwa ameshameza."

Kulikuwa na mengi ya kujibu. Kitufe, soda iliyoganda, kompyuta, mtu wa barabarani na funguo zake. Yote yalikuwa kweli. Aliyapanga mdomoni, kisha akayaacha.

"Pole sana," alisema. "Nimekukosea."

Mwanamke yule alimtazama, akamtazama na Kishindo mapajani mwake, midomo imekauka. Hakusema si kitu, wala hakusema amesamehe.

"Huyo ni wako?"

"Ndiyo."

"Na yeye alisikia ni?"

"Yeye hakusikia lolote. Alikunywa tu."

Mwanamke alitikisa kichwa. Baada ya muda aliinua mguu wa mumewe uliokuwa umetanda kwenye benchi, ili Kishindo apate mahali pa kunyoosha miguu yake. Wakakaa hivyo mpaka muuguzi alipowaita.

Hakuna aliyekufa. Hilo liliachwa kwa Bi Mapema kama neema, na alikuwa akilirudia usiku akishtuka usingizini. Mume wa yule mwanamke alilazwa, akatoka. Kishindo alihangaika siku mbili, na ya tatu akaangusha meza ndogo ya mgonjwa na kila kilichokuwa juu yake, bibi yake akapiga vigelegele zahanati nzima ikageuka. Mamlaka walitoa maelezo marefu, safari hii hawakuogopa nukta.

Kazini aliitwa mbele ya mkurugenzi. Alijiandaa kufukuzwa, alikuwa ameshapanga maneno ya kumwambia mumewe kwa simu. Mkurugenzi alitaka kujua jambo moja tu: nani alimruhusu mtu kuingia studio taa ikiwa nyekundu na kukatiza kipindi? Bi Mapema alifungua mdomo aseme hakuna, lakini mhariri, yule aliyekuwa akimwogopa mkurugenzi kuliko ugonjwa, alikohoa.

"Mimi," akasema. "Nilimwamuru mimi."

Mkurugenzi aliwatazama wote wawili. Alijua, na wao walijua kwamba anajua. Akawapa onyo, akaagiza kitufe kibadilishwe na soda zipigwe marufuku studio, akawaambia watoke. Koridoni Bi Mapema alitaka kumshukuru mhariri, lakini mzee alikuwa anajipapasa kichwani na mifukoni akiulizia miwani yake, na ilikuwa wazi hataki kushukuriwa.

Mama yake hakubadilika. "Nitaendelea kuhamisha kituo," alimwambia, "nawe usinilaumu. Nakuombea huku nikisikiliza taarab ya watu wengine."

Asubuhi ya kwanza aliporudi hewani, koo lilikuwa limepona na kitufe kilikuwa kipya, lakini alisoma kana kwamba anavuka mto kwa kukanyaga mawe, kila neno akilijaribu kwanza kama litambeba. Taa ilipozimika alibaki kitini. Hakuthubutu kuinua macho.

"Waya," aliita. "Nimesema nini?"

Siku nyingine kijana angemtania. Siku hiyo alikaa mbele yake, akamrudishia taarifa nzima, tangu salamu mpaka hali ya hewa, jinsi alivyoisikia. Bi Mapema alisikiliza huku akifuata kwenye karatasi kwa kidole. Hakuna kilichopungua. Kesho yake akamuuliza tena, na keshokutwa, na Waya akawa anasikiliza taarifa kama mwanafunzi anayejua ataulizwa. Ikachukua muda mrefu kabla haijafika asubuhi ambayo alitoka studio moja kwa moja, akavaa koti lake, akashuka ngazi bila kuuliza. Waya alimsubiri mlangoni na majibu yote tayari. Alipoona harudi, akarudi kwenye mitambo yake.